Kopo la Udongo

Mafuriko yalipotutoka, mwezi wa tano,
yaliacha mstari ukutani mwa darasa,
juu kidogo ya meza ya mwalimu,
na sakafuni udongo mwekundu, kimo cha kiganja.
Wazazi tulikwenda na majembe tukauzoa.
Ardhi yetu hapa Ahero ni nyeusi,
nyeusi tii, inayonata kama deni.
Huu mwekundu, nikauliza, ni wa nani?

Mwalimu Nafula hakujibu.
Alijaza kopo la Kimbo, akaliweka dirishani,
na Jumatatu akawapa watoto swali langu
liwe kazi ya nyumbani.

Apondi wangu akarudi na ramani
aliyoichora kwa penseli,
Nyando ikipanda, ikipanda, kinyume cha maji,
ikipita Muhoroni, ikipita Koru,
mpaka Londiani,
ambako mimi nimefika mara moja tu, kununua viazi.
"Baba, udongo huu umetembea kuliko wewe."

Wakaandika barua. Niliisoma kabla haijatumwa;
haikuwa na adabu nyingi.
*Kwa wenzetu wa darasa la sita, Londiani.
Tumepokea udongo wenu. Hatukuuagiza.
Tunawarudishia kopo moja.
Uliobaki umo nyumbani kwa nyanya yake Owuor,
umo kisimani, umo katika madaftari yetu.
Je, miti mliyokuwa nayo ilikwenda wapi?*
Nilicheka mpaka nikakohoa.
Hapo sasa! nikasema. Waambieni hao!
Kopo likapanda mlima na dereva wa lori la molasi.

Majibu yalichukua wiki saba.
Cherotich fulani, mwandiko umeegemea kushoto,
alisema walilipeleka kopo mteremkoni,
nyuma ya shule, wakalinganisha rangi.
*Ni wetu. Poleni.
Miti ilikuwa kuni, ikawa karo,
ikawa paa la darasa hili tunamoandikia.
Tumepanda mianzi mia na kumi.
Mbuzi wamekula thelathini.*
Kisha chini kabisa, chini ya jina lake,
kwa wino mwingine, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni:
*Na nyinyi, nani yuko chini yenu?*

Ndipo ramani ikaongezwa karatasi.
Gundi ya uji. Karatasi ya pili, ya tatu,
ghuba, ziwa, Jinja, Juba, Khartoum,
ikavuka ukingo wa meza, ikaning'inia,
Misri ikagusa sakafu ya jikoni kwangu
karibu na jiko.
Hapo chini Apondi akachora mtoto ameshika kikombe.
Hakumpa jina. Alisema hajui
huko kwao wanaitanaje.

Mimi nilikuwa mlangoni na pampu mgongoni,
nimetoka kunyunyizia mpunga dawa,
naelekea mferejini kuisuuza
kama nilivyofanya miaka kumi na tisa,
kama baba yangu, kama kila mtu wa skimu.
Mtoto hakusema neno.
Hata kuniangalia hakuniangalia.
Alikuwa anapaka kikombe rangi ya bluu,
taratibu, asivuke mstari.

Husemwa maji hufuata mkondo.
Sikuwahi kuuliza mkondo nao unamfuata nani.

Nilisimama mpaka mkanda wa pampu ukanikata bega.
Kisha nikaenda kando, mbali na maji,
nikachimba shimo, nikatia mkaa na majani makavu
kama alivyotufundisha bwana shamba mwaka juzi,
siku ile niliyokuwa nikisinzia.
Jirani yangu Osewe akasimamisha baiskeli:
unazika nini hapo?
Nilitafuta pa kuanzia, Londiani au Misri,
nikapakosa.
Nikamwambia, ni kazi ya nyumbani.